Msiulize Amekuwa wa Ngapi



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu, leo tunaomba mtuvumilie tuzungumzie jambo ambalo si kawaida ya ukurasa huu. Tunataka kusema juu ya swali moja tu, swali ambalo kila mmoja wetu hulitoa mdomoni bila kufikiri pindi mtu anaporudi kutoka kwenye mashindano: "Umekuwa wa ngapi?" Kwa mcheza mpira swali hilo halina ubaya. Ama kwa mtu anayeingia trayathloni kwa mara ya kwanza, sisi tunaona ni swali baya, na zaidi ya ubaya ni swali la hatari. Sababu tutazieleza, na asiyekubaliana nasi atuandikie.

Kilichotufanya tushike kalamu ni kijana mmoja wa hapa kwetu Nyamirambo. Ni fundi cherehani, umri wake miaka thelathini na moja, baba wa watoto wawili, na alisoma madrasa kwetu tangu alif mpaka akahitimu. Alikwenda Rubavu, mji ambao wengi bado tunauita Gisenyi, safari ya zaidi ya kilomita 150 kutoka Kigali, akashiriki trayathloni ya masafa mafupi kando ya Ziwa Kivu na akamaliza salama, alhamdulillah. Aliporudi, baada ya sala ya Isha, watu wakamzunguka nje ya msikiti wakamuuliza swali hilo. Akajibu ukweli, kwamba waliomaliza nyuma yake ni wawili tu. Watu wakaangua kicheko. Mzee wetu mmoja, tunayemheshimu sana, akamwambia, "Mwanangu, safari yote ile mpaka Gisenyi ukawe wa mwisho?" Kijana akacheka nao kwa adabu, lakini tulimwona uso wake.

Kwa wasiojua, trayathloni ni michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio za miguu. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Masafa mafupi anayoanzia mtu wa kawaida ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Masafa ya Olimpiki ni mara mbili ya hayo: kilomita 1.5, 40 na 10. Kisha kuna ile ndefu kabisa, Ironman, yenye kilomita 3.8 majini, 180 za baiskeli, na mbio ndefu kamili za kilomita 42.2. Nusu ya hiyo ndefu imekuwa ikifanyika hapo hapo Rubavu tangu Agosti 2022, na ndiyo iliyowafanya vijana wetu wengi kulisikia jina la mchezo huu.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa wageni wenye fedha. Kuhusu fedha tutakuja. Kuhusu ugeni, ni kweli haukuzaliwa kwetu. Mashindano ya kwanza kuitwa kwa jina hilo yalifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, Septemba 1974, na Ironman ya kwanza ikafanyika Hawaii Februari 1978, baada ya watu kubishana nani mwenye nguvu zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Walioanza siku ile walikuwa 15, waliomaliza ni 12. Mwaka 2000 mchezo ukaingia Olimpiki ya Sydney. Lakini hata mpira wa miguu haukuzaliwa Nyamirambo, na hatujasikia mtu akiukataa kwa sababu hiyo. Wala si mchezo wa vijana peke yao. Mtawa mmoja wa Kikatoliki wa Marekani, Madonna Buder, alimaliza Ironman mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 82. Tunamtaja kwa ajili ya wale wa umri wetu wa miaka arobaini na kitu ambao wakipanda ngazi za msikiti husimama katikati wakijifanya wanatafuta simu.

Turudi kwenye hoja yetu. Katika michezo hii mitatu, miwili inamsamehe mtu na mmoja haumsamehi. Ukichoka kwenye baiskeli unashuka na kuisukuma. Ukichoka kwenye mbio unatembea, na sheria hazikukatazi. Majini hakuna kushuka. Ndiyo maana tunasema trayathloni ya kwanza ya mtu ni jambo la maji, hayo mengine yanafuata.

Na hili si woga wa mwalimu wa madrasa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa madaktari wa Marekani waliopitia mashindano ya nchi hiyo kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Walikusanya habari za watu 135 waliofariki au waliosimama moyo ghafla mashindanoni. Kati ya hao, 90 yaliwapata majini, 22 kwenye baiskeli, 15 kwenye mbio, na 8 baada ya kumaliza. Wengi mno walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ni karibu miaka 47. Na miongoni mwa 68 ambao uzoefu wao ulijulikana, 26 walikuwa katika trayathloni yao ya kwanza. Tusiwatishe watu kupita kiasi: ukilinganisha na idadi ya walioshiriki, ni chini ya wawili katika kila laki moja. Lakini msomaji aangalie yamewapata wapi, na yamewapata watu wa umri gani. Mwanamume wa miaka arobaini na zaidi anayetaka kuanza mchezo huu, kabla ya kununua viatu aende kwanza akapimwe moyo na shinikizo la damu.

Sasa tuwaelezee kijana wetu alijiandaa vipi, maana hakuna aliyemuuliza.

Kukimbia alikuwa anajua. Baiskeli aliijua tangu utotoni, kama watoto wote wa milima hii, na mazoezi alikuwa akifanya Jumapili za barabara bila magari, zile zilizoanza Kigali mwaka 2016. Kuogelea alikuwa hajui hata kidogo. Alizaliwa juu ya mlima, na mama yake alimkataza maji kama mama zetu wote wanavyokataza. Akatafuta mwalimu wa bwawa, na kwa muda wa mwezi mzima hakuvuka bwawa hata mara moja. Alikuwa akishika ukingo, anatia uso majini, anatoa pumzi yote ndani ya maji polepole, anageuza kichwa na kuvuta nyingine. Basi. Watoto wa miaka minane walikuwa wanapita pembeni yake wakirusha maji. Alituambia kwamba alikumbuka alivyokaa kwetu wiki tatu kwenye makhraj ya herufi moja huku wenzake wanasonga mbele, akaona kumbe amekwisha kuzoea.

Wengi wanaoanza hudhani wanachoka mikono, kumbe wamebana pumzi. Mtu anazuia hewa kifuani, kifua kinajaa hofu, baada ya mita kumi na tano anatapatapa. Anayejua kutoa pumzi ndani ya maji anaweza kwenda polepole kwa muda mrefu. Mwezi wa pili akajifunza jambo jingine ambalo sisi tunaliona ni kubwa kuliko kasi: kulala chali juu ya maji bila kufanya chochote, uso juu, mikono imefunguka, mpaka moyo utulie. Mwezi wa tatu akaanza kuhesabu. Bwawa la mita 25 ni mara thelathini kufikisha 750. Mwezi wa nne alifikisha thelathini kwa dakika ishirini na sita, bila kugusa sakafu.

Lakini ziwa si bwawa. Ziwani hakuna mstari chini wa kukuongoza wala ukuta wa kushika, na maji chini yako ni meusi. Unalazimika kuinua macho kila baada ya mikono kadhaa ulitafute boya, la sivyo unaogelea mshazari na kuongeza masafa bure. Mnaanza wengi kwa pamoja, huyu anakupiga teke, yule anakupanda mgongoni. Kijana akaenda Rubavu mara mbili kabla ya siku yenyewe, akaingia na wenyeji waliozoea. Ziwa Kivu lina neema yake, halina mamba wala viboko, tofauti na Tanganyika ambako ndugu zetu wa Bujumbura wanawafahamu vyema. Lakini lina jambo lake pia. Wenyeji wa Goma na Gisenyi wanajua neno mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayotoka ardhini na kutuama mahali pa chini, na inaua. Kwa hiyo mtu haogelei Kivu popote anapopenda, anauliza wenyeji, na anaingia pale wanapoingia wao.

Siku ya mashindano akasimama nyuma kabisa na pembeni, kama alivyoshauriwa. Wenzake wakaondoka. Alipofika karibu na boya la pili, wimbi likamjaza maji mdomoni, akakohoa, akameza jingine, na pumzi ikapotea. Hapo, ndugu wasomaji, ndipo penye kisa chote. Akageuka chali kama alivyofundishwa. Kisha akainua mkono, mtumbwi wa waokoaji ukasogea, akaushika. Sheria za mchezo huu zinamruhusu mtu kushika mtumbwi au boya na kupumzika, alimradi asiutumie kusonga mbele. Hakuna adhabu. Akakaa pale kwa kadiri ya dakika mbili, watu wakimpita mmoja baada ya mwingine, mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaachia, akaendelea.

Hebu jiulizeni. Lau kijana yule angekuwa na sauti zetu masikioni, "umekuwa wa ngapi, umekuwa wa ngapi," angeushika ule mtumbwi? Sisi tunadhani asingeushika. Angekaza meno asipitwe na wale watu, na huenda tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa, na nje ya msikiti pale pasingekuwa na kicheko. Mtu aliyejua kusimama mahali pa kusimama, sisi tunamcheka kwa sababu alisimama! Mtoto anapomaliza juzuu yake ya kwanza hakuna anayemuuliza amekuwa wa ngapi darasani. Tunasikiliza kama amesoma sawasawa, tunasoma dua, mama yake analeta maandazi, tunakula.

Yaliyobaki siku ile ni mafupi. Alipotoka majini alivaa kofia ngumu na kuifunga kidevuni kabla ya kuigusa baiskeli, maana ndiyo sheria, na anayesahau anaadhibiwa. Akaisukuma kwa miguu mpaka kwenye mstari wa kupandia. Baiskeli ilikuwa ya kuazima, ya kawaida, yenye gia sita na breki nzuri, na breki katika milima ya Rubavu ni muhimu kuliko gia. Alipoanza kukimbia miguu ikawa kama si yake, jambo linalompata kila mtu akishuka baiskeli, na dawa yake ni hatua fupi fupi kwa dakika chache. Akatembea mlima mmoja. Akamaliza ndani ya saa mbili.

Tuje kwenye pingamizi, maana tumezisikia nyingi wiki hii.

La fedha ni la kweli, hatulikatai. Zipo baiskeli za mchezo huu zenye bei ya pikipiki mbili. Lakini wa mara ya kwanza hazihitaji, na anayemwambia azinunue ni muuzaji. Ada ya bwawa ndiyo mzigo hasa, na tutaisema mwishoni.

La sala halina tatizo. Kijana na wenzake wawili walisali Alfajiri kwa jamaa, wakanywa uji, wakaenda ziwani jua limekwisha panda, na Adhuhuri iliwakuta wamekwisha oga. Anayejiandikisha aangalie saa ya kuanza kabla ya kulipa. Mwezi wa Ramadhani mazoezi mazito yaachwe, mtu atembee au akimbie kidogo karibu na kufuturu.

La mavazi lina uzito zaidi. Kwa wanaume, bukta ndefu inayobana na kupita magoti, na fulana ya kuogelea juu yake, inatosha kusitiri. Kwa dada zetu, watu husema haiwezekani. Inawezekana. Mwaka 2013 Shirin Gerami aliiwakilisha Iran katika mashindano ya dunia ya trayathloni mjini London, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo, akiwa amejisitiri mwili na kichwa tangu majini mpaka mstari wa mwisho. Mwaka 2016 akamaliza na Ironman ya Hawaii. Kinachotakiwa ni kitambaa sahihi. Nguo ya pamba ikilowa inakuwa mzigo wa kukuvuta chini, na anayemwingiza binti majini na baibui au dera anamhatarisha.

Na hapa tunataka kusema jambo ambalo litawakera baadhi ya wazazi. Kuna yale maneno yanayosambaa juu ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Wengi huyanasibisha kwa Mtume (s.a.w.), ingawa yanajulikana zaidi kuwa ni ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.). Mawaidha mengi yamepambwa kwa maneno hayo. Mishale hatuna. Farasi ni wachache. Kuogelea tunakuweza, maana nchi yetu imejaa maziwa na mito, na wala hatukufundishi, tunakataza tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao laki tatu walikufa kwa kuzama, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto aliyekatazwa maji hakai mbali na maji. Anakwenda kwa kujificha, na wenzake wasiojua kama yeye, na akizama hakuna mkubwa karibu. Kila mwalimu wa madrasa kando ya maziwa haya amewahi kusoma Yasin nyumbani kwa familia ya namna hiyo.

Kwa hiyo trayathloni kwetu si kitu cha kuiga wageni wala cha kutafuta medali. Ni kisingizio kizuri cha kuwatia watoto wetu majini kwa mafunzo. Kijana mwenye shauku ya baiskeli atavumilia miezi minne ya bwawa kwa ajili ya siku moja ya Rubavu, na ile miezi minne itabaki naye maisha yake yote. Tangu Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wetu wamewaka moto. Moto huo utumike.

Tunapendekeza hivi. Kamati ya wazazi hukusanya fedha za jezi za mpira kila Idi. Mwaka huu nusu ya fedha hizo ziende kwa mwalimu wa kuogelea na ada ya bwawa, kwa wavulana Jumamosi asubuhi, na kwa wasichana na mama zao saa zao peke yao, na mwalimu awe mwanamke. Anayeingia trayathloni kwa jina la jumuiya yetu aoneshe kwanza kwamba anaogelea mita 750 bila kusimama na anaweza kulala chali dakika tano. Asiyeweza asubiri mwaka ujao. Na akirudi, aulizwe maji yalikuwaje.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi baada ya Alasiri, madrasa. Kijana wetu amejitolea kushona nguo za kuogelea za wasichana kwa bei ya kitambaa tu. Vipimo viletwe na mama zao kwa mke wake kabla ya mwisho wa mwezi, na mtu asilete kitambaa cha pamba.

Wassalaamu alaykum.